Duka la jumla la mtaani au lori la Mombasa? Nyinyi wenye nyumba za wageni Lamu mnanunuaje?

BintiLangoni

Assalam alaikum wanajamvi.

Nina nyumba ya wageni Langoni, vyumba saba, na jiko la juu ambako tunawapikia wageni na watu wa nje wakiagiza mapema. Nimeipokea kwa shangazi yangu mwaka jana. Yeye hesabu zake zote zilikuwa kichwani. Akiutikisa mkebe wa sukari anajua itaisha lini. Mimi sina kipaji hicho, nataka mpango wa kueleweka.

Hali yenyewe ni hii. Mchele, unga, sukari, mafuta na maziwa ya unga nachukua duka la jumla Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwa mali kauli, yaani nachukua kwanza, nalipa mwisho wa mwezi. Mboga ni soko la pale ngomeni. Samaki, mpishi wangu hushuka ufukweni asubuhi na pesa mkononi. Gesi, sabuni na karatasi za chooni nanunua popote pale vinaponiishia, na vinaniishia wakati mbaya kila mara.

Sasa nina binamu yangu Mombasa ananitumia bei za huko kwa WhatsApp. Nikizisoma nasikia uchungu. Gunia la mchele la kilo 50 peke yake tofauti si ya kupuuza. Juu ya hayo, amekuja kijana wa kampuni moja na programu ya simu: unaagiza, unalipa kwa M-Pesa, wanakuletea mpaka Mokowe, kule bara. Bei zake nazo ziko chini ya duka.

Je, nihamishe kila kitu? Na nikihamisha, nitamtazama vipi mwenye duka ambaye alikuwa akimkopesha shangazi kabla sijazaliwa? La mwisho ni samaki. Kuna asubuhi kolekole analala kwenye mashua namwona kwa macho yangu, nauliza bei, mvuvi ananijibu "huyu hauzwi." Hauzwi vipi, na yeye katoka kumvua?

Mkono_Mfupi

Hamisha. Biashara haina undugu. Kila shilingi unayompa mtu wa kati ni shilingi umeitoa mfukoni mwako. Mimi niko Malindi, naagiza Mombasa kila kitu hadi viberiti.

Duka_la_Kona

Waalaikum salaam dada yangu. Nianze kwa kujitaja: mimi mwenyewe nina duka la jumla hapa Lamu, nimelirithi kwa marehemu baba. Kwa hivyo chuja maneno yangu kama unavyochuja tui. Lakini nimesimama nyuma ya kaunta umri wangu wote wa utu uzima, nawaona wenye hoteli ndogo wanavyonunua, na wengi wananunua vibaya kwangu mimi mwenyewe. Sijawahi kumkataza mmoja.

Ndugu yetu Mkono_Mfupi yuko Malindi, lori linasimama mlangoni kwake. Wewe uko kisiwani. Bei anayokutumia binamu yako ni bei ya mchele ulioko Mombasa, na wewe unautaka Langoni, ghorofa ya juu. Hebu lifuate gunia moja. Linapakiwa, umelipa mahamali. Lori linapita Malindi, Garsen, Witu, linafika Mokowe, umelipa nauli. Mokowe linateremshwa na kuingizwa kwenye boti: mahamali wengine, na boti yenyewe. Jeti ya Lamu linapandishwa ngazi, hamali wa tatu, na huyo bei yake siku ya maji kupwa si ile ya maji kujaa, kwa sababu ngazi za kupanda zimeongezeka na zinateleza. Kisha punda, maana gari haliingii Langoni. Mwenye punda anataka mzigo uwe sawa pande mbili za shogi, ile mifuko ya mgongoni mwa punda, kwa hivyo ukiwa na gunia moja ama umtafutie mwenzake ama ulipe kama mawili. Halafu ngazi zako za nyumbani.

Chukua karatasi, andika kila mkono uliopokea pesa njiani, gawa kwa kilo zilizofika. Kilo zilizofika, si zilizopakiwa, kwa sababu gunia likipasuka jeti halirudi kama lilivyokuwa. Ukileta magunia kumi utaona bado unaokoa. Ukileta gunia moja na nusu, kama wanavyofanya wengi, utajikuta unanishinda kwa vijisenti, au mimi ndiye ninayekushinda.

Kijana wa programu ana jambo moja la kumuuliza kabla ya bei: anasema "mpaka Mokowe." Mokowe si Lamu. Katikati pana bahari. Mzigo ukifika jioni, upepo wa kusi unavuma, nahodha hataki kuvuka na unga usiofunikwa, unga huo ni wa nani usiku ule? Nani analala nao? Akikujibu kwa maandishi kwamba ni wao, mjaribu kwa oda ndogo. Akianza kucheka cheka, umeshajua.

Sasa nije kwenye mali kauli, na hapa nitajichongea mwenyewe. Tuseme kwa mwezi unachukua kwangu mali ya shilingi 60,000, na mali hiyo hiyo kwa taslimu ningekupa kwa 57,000. Ile 3,000 mtu huiona ni faida ya mchele. Siyo. Ni ijara ya pesa zangu ulizokaa nazo, zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa mwezi. Na tazama vizuri: hukuchukua mali yote tarehe mosi. Ulichukua kidogo kidogo, gunia leo, katoni wiki ijayo. Kwa wastani pesa zangu umekaa nazo kama nusu mwezi tu. Kwa hivyo mkopo huo ni ghali karibu mara mbili ya unavyoonekana, na hakuna mahali ulipoandikwa kwamba ni mkopo.

Dawa yake ni nyepesi, nashangaa watu hawaitumii. Mwulize mwenye duka bei mbili: ya taslimu na ya kauli. Wanaoniuliza hivyo ni wa kuhesabika. Wewe una wageni wanaotuma malipo ya kwanza wakikata nafasi. Pesa hizo zikiingia, nunua mchele na mafuta kwa taslimu, kisha kauli iweke kwa miezi ya Mei na Juni ambapo vyumba vimelala na mishahara haijalala. Kauli ukiitumia mwezi mnono, unanilipa mimi bure.

Kuna vitu nakuomba usinunue kwangu kabisa. Shuka, taulo, vyandarua, sahani, sufuria, sabuni za kipande kwa katoni, karatasi za chooni. Ninavyo rafuni, ndiyo, lakini nimevipangia bei ya kitu kinachokaa miezi kikila vumbi. Havivunjiki ovyo, havina dudu, na unajua mwaka mzima utatumia kiasi gani. Hivyo nenda Mombasa mwenyewe mara moja kabla ya msimu wa upepo wa kaskazi kuleta wageni, pita Biashara Street, shika kitambaa kwa mkono wako, omba bei ya dazani. Picha ya WhatsApp haikuambii shuka ni nyepesi.

Vinavyobaki kwangu ni vile ambavyo vikikosekana Ijumaa jioni mgeni atajua. Mtungi wa gesi ndio wa kwanza. Uwe na mmoja kamili wa akiba muda wote, na uwe na watu wawili wa kukujazia, si mmoja. Mafuta ya kupikia. Unga wa ngano wa mikate ya asubuhi. Na huo usijaze stoo hata ukipewa bei ya zawadi. Kuta zetu za mawe zinanywa maji, masika ikiingia unga unashika mabonge, mwezi wa pili unaona fukusi wanatembea juu ya mfuko. Wiki mbili tatu zatosha, na mifuko iwe juu ya vipande vya boriti, isiguse sakafu wala ukuta.

Mnakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2023, maji yalipoikata barabara pale Lango la Simba. Malori yalikwama ng'ambo. Wiki ile nilipata wateja ambao sikuwahi kuwaona na duka langu lina umri gani. Wamekuja na pesa taslimu, wanabembeleza. Nilifungua daftari nikaanza na waliomo. Sikuwapandishia bei wale wengine, wallahi, lakini waliomo walianza. Hicho nacho kimo ndani ya bei yangu, na binamu yako hakioni kwenye simu.

Kuhusu kumtazama: mwambie. "Ami, shuka na sabuni nitachukua Mombasa, chakula nabaki kwako, lakini nataka bei ya taslimu." Hatakasirika. Anayeudhi ni yule anayepotea kimya, deni la mwezi uliopita likiwa bado kwenye daftari, kisha akipita dukani anageuza uso anatazama upande wa bahari.

BintiLangoni

Maashallah, ami. Nimecheka hapo kwenye kutazama bahari, nina jirani wa hivyo. Hesabu ya nusu mwezi sikuwahi kuifikiria. Na mwezi wa Ramadhani je? Mwaka huu nilifuata daftari la shangazi la miaka ya nyuma na halikulingana hata kidogo.

Duka_la_Kona

Halilingani kwa sababu shangazi aliandika kwa miezi ya Kizungu. Kusi na kaskazi zinarudi pale pale kila mwaka. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na Maulidi ya Riyadha, mwisho wa Mfungo Sita, nayo vivyo hivyo. Zamani kidogo Ramadhani ilikuwa inaangukia kusi: wageni hakuna, wewe unanunua tende na maziwa kwa oda za futari tu. Mwaka 2025 imeanza mwanzoni mwa Machi, 2026 katikati ya Februari. Hapo vyumba vimejaa na futari ipo, vyote viwili kwa pamoja. Oda ya Ramadhani ya miaka kumi nyuma haikufai kitu. Weka kalenda mbili ukutani, moja ya upepo na moja ya mwezi, ndipo uandike utakachonunua.

Tende usingoje Shaaban, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ikatike. Wiki ya mwisho sote tunauza kwa bei tunayotaka.

Nahodha_Mstaafu

Nijibu la samaki maana naona wenye maduka wamelikimbia.

Binti, huyo kolekole ana mwenyewe tangu kabla hajavuliwa. Vijana wengi hawana nyavu zao wala mashine yao ya boti. Ananunua tajiri: nyavu, mafuta, barafu, na mtoto wa mvuvi akiumwa pia ni tajiri. Malipo yake ni samaki. Kila anachopandisha kinaenda kwa tajiri huyo kwa bei ya tajiri, na akikuuzia wewe kolekole mmoja pembeni, kesho barafu hapati. Hakuwa na ubaya na wewe.

Una njia mbili. Uende kwa tajiri mwenyewe, umwambie unataka kilo kadha kila siku ya Mungu, mkubaliane bei moja ya kaskazi na moja ya kusi. Atakupenda kwa sababu wewe unachukua samaki wa kilo moja na mbili, wa sahani, ambao yule mnunuzi wake wa Mombasa hawataki sana. Au utafute wazee wenye mashua zao wenyewe, wasiokuwa na deni. Wapo, lakini hawatoki kila siku, na mwezi wa Juni na Julai kusi likikaza hutowaona nje ya mlango wa bahari. Wakati huo usilazimishe kolekole kwenye orodha ya chakula. Andika "samaki wa leo" basi, mgeni ale changu au tafi, hakuna atakayelia.

Na mpishi wako asishuke na pesa taslimu kila asubuhi. Siwatuhumu wapishi. Lakini bei ya ufukweni haina ushahidi, na mtu akiachiwa peke yake na bei isiyo na ushahidi, hata walii atayumba.

Mama_wa_Shela

Hapo kwa mpishi nahodha kanena. Kwangu ilikuwa hivi: anayeagiza ni mpishi, anayepokea ni mpishi, anayeleta ni shemeji wa mpishi. Sikumfukuza mtu. Nilinunua mizani ya kuning'iniza, nikaitundika mlangoni, na msichana wa vyumba ndiye anayepima na kuandika daftarini: tarehe, kitu, kilo, nani kaleta. Mpishi anaagiza tu. Wiki ya kwanza kila mtu alinuna. Vitunguu vya wavu vilikuja vimelowa, vizito. Tukavianika kidogo juu ya dari, tukapima tena mbele ya aliyevileta. Tangu siku hiyo vinakuja vikavu.

Kuhusu kuagiza Mombasa, sisi tuko nyumba nne Shela tunaagiza pamoja ili lori lilipe. Inafaa kwa sukari, mafuta, sabuni, maji ya chupa. Mchele ilitushinda, mmoja anataka pishori, mwingine anataka wa biriani mrefu, wa tatu anasema wowote ule mradi mweupe. Tukaacha kila mtu na mchele wake. Kanuni zetu ni kwamba pesa zote ziingie kabla lori halijapakiwa, na mali igawanywe jeti pale pale watu wote wakiwepo, isiingie stoo ya mtu yeyote. Ikishaingia stoo ya mtu, undugu umeisha.

Mhasibu_Malindi

Niongeze la KRA, watu wa kodi, kwa kifupi, maana naona hakuna aliyeligusa na litakufikia.

Tangu Januari 2024 matumizi ya biashara hayakubaliki kupunguza kodi ya mapato bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Lakini usishtuke kabla ya kujua uko kundi gani. Kama mauzo yako kwa mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25 na unalipa kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3, basi unalipa juu ya mauzo yote na matumizi hayapunguzwi hata ukiwa na ankara gunia zima. Hapo ankara ni ya kumbukumbu zako tu. Ukiwa umechagua mfumo wa kawaida wa faida, au umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo ni lazima mauzo yanayotozwa yakifika milioni 5, ndipo duka lisilotoa ankara ya eTIMS linakuwa ghali ingawa bei yake ni ndogo. Ulinganishe bei ukijua hilo. Gunia la bei ya chini bila ankara linaweza kukugharimu zaidi ya la bei ya juu lenye ankara.

Na samaki wa mzee mwenye mashua, ambaye hana ankara wala hataki kuisikia: sheria imeruhusu mnunuzi amtolee muuzaji mdogo ankara hiyo kwa niaba yake, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 5. Inahitaji akubali na awe na PIN, namba yake ya KRA. Ukienda kwa tajiri, mdai ankara moja kwa moja. Huyo hana kisingizio.

Mkono_Mfupi

Mzee Duka, kwa hesabu zako hizo si utafunga duka? Umemfundisha mteja wako yote.

Duka_la_Kona

Sifungi. Mteja anayelipa taslimu mimi ndiye ninayepumua, maana na mimi nina muuzaji wangu wa Mombasa anayenidai, na yeye hajui habari za kusi wala Ramadhani, anajua tarehe tu. Nikiwa na kumi wa namna hiyo naagiza lori zima badala ya nusu, na bei inashuka kwa wote. Hii ya kauli kwa kila mtu ndiyo imewamaliza wenzangu wawili hapa Usita wa Mui. Daftari zimejaa, rafu tupu.

BintiLangoni

Nimeongea na mwenye duka leo baada ya alasiri. Nilimwuliza bei mbili. Kwanza alinitazama, kisha akauliza nani kanifundisha. Amenipa: mchele na mafuta taslimu vinashuka, sukari haishuki, anasema sukari yeye mwenyewe hana faida nayo. Je, ni kweli ami, au ananichezea?

Kijana wa programu nilimwuliza habari ya Mokowe usiku. Hajanijibu mpaka sasa, na alama mbili za buluu zipo.

Duka_la_Kona

Sukari ni kweli. Sote tunaiuza karibu na bei ya kununulia ili mtu aingie dukani achukue na vingine. Usipoteze muda kuibishia. Mkamate kwenye maziwa ya unga na majani ya chai, huko kuna nafasi, na akikataa muulize bei ya katoni kamili badala ya pakiti.

Oda ya kwanza ya taslimu usimpelekee Ijumaa. Mpelekee Jumatatu asubuhi, siku ambayo wa Mombasa anampigia simu.